Staa, kukanyaga breki mara tatu siyo ujanja!

Mastaa wa mjini bana! Kuna huyu msanii wa Bongo Fleva, jina kapuni, kafungiwa kalipa mpya za mbele, pedali ikawa laini kama sponji. Badala ya kurudi gereji, karusha klipu anafundisha mashabiki: ukitaka kusimama, kanyaga mara tatu! Komenti zimejaa makopakopa.

Hivi kweli jamani? Mafuta ya breki hayabonyei, hewa inabonyea. Bomba likifunguliwa upepo unaingia, na usipotolewa mguu unaubana upepo badala ya diski. Kupampu ni sawa pedi zikishafungwa, gari halijatoka gereji, ili zisogee. Barabarani ni uchizi. Bodaboda akikatiza, nani anakupa nafasi ya kukanyaga mara ya pili?

Kali zaidi, klipu yenyewe inamuumbua fundi: skrubu ya kutolea upepo iko chini ya kalipa! Ina maana ya kulia imefungwa kushoto. Hewa hupanda juu, kwa hiyo hapo watatoa upepo mpaka asubuhi na pedali itabaki ileile. Zihamishwe. Kisha mmoja akanyage ashikilie, mwingine afungue, afunge kabla mguu haujaachiwa, na kikopo cha mafuta kisiachwe kikauke. Basi! Mtu ana cheni nene shingoni, anashindwa chupa moja ya mafuta ya breki?

Afute hiyo klipu leo leo, kabla dogo mwenye IST ya mkopo hajaijaribu akishuka Kitonga.