Mwenye Distro ni Nani?

Makala nyingi tulizoletewa kwa ajili ya toleo hili zilianza na swali lile lile: distro ipi ya Linux ina kasi zaidi kwenye seva? Majedwali yalijaa muda wa kuwaka, maombi ambayo Nginx hujibu kwa sekunde, kumbukumbu inayoliwa mashine ikiwa haina kazi. Mengi nimeyarudisha kwa waandishi. Nginx ni ile ile, kerneli zinapishana kwa umri tu, na tofauti ya asilimia mbili tatu haimsumbui mwenye duka wala mhasibu wa SACCO. Kinachowasumbua ni kuamka na kukuta distro yao imefutiwa ahadi.

Na imeshatokea. Tarehe 8 Desemba 2020 ilitangazwa kwamba CentOS Linux 8, iliyotarajiwa kuhudumiwa hadi 2029, ingekoma 31 Desemba 2021. CentOS 7, iliyokuwa kongwe, iliachiwa muda wake wote hadi 30 Juni 2024. Kwa hiyo walioumia kwanza ni wale waliotii ushauri wa kuwahi toleo jipya. Januari 2022 ilipokwisha, vifurushi viliondolewa kwenye seva za kupakulia vikahamishiwa kwenye hifadhi ya kumbukumbu. Msimamizi akiandika dnf update, jibu ni kwamba metadata ya hazina ya appstream haikupakuliwa. Seva inawaka, wateja wanahudumiwa, lakini viraka vya usalama haviji tena.

Red Hat, inayouza distro ya RHEL, ilikuwa imeichukua CentOS, nakala ya bure ya RHEL hiyo, mwaka 2014, na IBM ikainunua Red Hat mwaka 2019 kwa dola bilioni 34. Sina ugomvi na kampuni kuuza kazi yake. RHEL ni kazi iliyotulia, na benki inayotaka mtu wa kumpigia simu saa nane za usiku inunue mkataba bila kusita. Ninachopinga ni biashara isiyolipa chochote kukaa kwenye CentOS kama mpangaji asiye na mkataba, kisha meneja akauita huo mpango wa miaka kumi.

Makala ya pili inapima warithi wawili wa CentOS, Rocky na AlmaLinux, kwa uangalifu mkubwa. Red Hat ilipobana msimbo chanzo wa RHEL Juni 2023, Rocky ilishikilia kufanana nayo kwa kila kitu, hata hitilafu. Alma ilichagua kuahidi tu kwamba programu za RHEL zitaendelea kufanya kazi juu yake, na sasa inaweza kuziba hitilafu bila kusubiri. Mwandishi anaegemea Rocky. Mimi naona Alma ndiyo iliyojipatia uhuru.

Lakini chaguo langu kwa biashara isiyo na mkataba ni Debian, na sitalificha. Ipo tangu 1993, kiongozi wake huchaguliwa kila mwaka na wanachama wanaoijenga, na haina mwenye hisa anayeweza kuiuza. Toleo jipya hutoka takriban kila miaka miwili na huhudumiwa mitano, ukijumlisha muda wa huduma ndefu (LTS). Toleo la Trixie lilipotoka Agosti 2025, mwenye bookworm, toleo lililotangulia, alihitaji kunakili data yake pembeni, kusoma maelezo ya toleo, kubadilisha jina kwenye orodha ya hazina na kuendesha apt full-upgrade. Hakulazimika kufuta diski. Timu inayofanya hivyo kila baada ya miaka miwili inaijua seva yake. Inayokaa miaka kumi bila kugusa kitu huishia kuiogopa.

Wapo watakaosema vifurushi vya Debian ni vya zamani. Wakumbuke 29 Machi 2024, Andres Freund alipoona kuingia kwa SSH kunachelewa nusu sekunde, akafuatilia hadi akafichua mlango wa siri uliopandikizwa ndani ya xz, programu ya kubana data. Msimbo huo ulikuwa umeshaingia kwenye matawi ya majaribio ya Debian na Fedora. Debian stable haikuguswa, kwa sababu haikimbilii vipya.

Wengine watauliza nani atapigiwa simu. Fundi. Dar es Salaam, Nairobi na Bujumbura kuna watu wanaoijua Debian kwa undani na wanaofanya kazi za vipande. Wapewe mkataba wa mwaka wenye saa za kupatikana na malipo yanayoeleweka. Fedha ambayo ingetoka nje kwa dola kila mwaka italea utaalamu utakaobaki hapa.

Makala ya Ubuntu inaeleza vizuri miaka mitano ya LTS na kumi ya Ubuntu Pro. Msomaji aangalie hasa ni vifurushi vipi hupata viraka bila Pro. Ya SUSE itawafaa wenye SAP. Ya konteina inakumbusha kwamba hata picha ya konteina ina distro ndani yake, nayo huzeeka.

Makala ya mwisho ni mwongozo wa kuhama kutoka CentOS 7. Mwenye seva hiyo iliyo wazi kwenye intaneti aanzie huko, na kabla ya kugusa chochote ajaribu kurejesha nakala ya data yake kwenye mashine nyingine.