Kujinyima si kunyimwa: Mjadala wa kuacha manunuzi yasiyo ya lazima nchini Kenya na Tanzania

Mwezi wa Januari una jina lake la utani nchini Kenya. Wakenya huuita "Njaanuari", yaani Januari ya njaa. Mshahara wa Desemba hulipwa mapema, kabla ya Krismasi, ukaishia katika nauli za kwenda mashambani, nyama na zawadi. Kisha mwaka mpya unaingia na karo za shule zinadaiwa. Ni katika msimu huo ambapo ahadi moja husikika katika mitandao ya kijamii: kukaa mwezi mzima, au hata mwaka mzima, bila kununua chochote kisicho cha lazima.

Kwa mtu wa kipato kidogo, ahadi hiyo inaweza kuonekana kuwa mzaha. Asiye na kitu atajinyima nini? Hata hivyo, swali lililo nyuma yake haliwahusu matajiri peke yao. Ni nani hasa anayeamua kwamba kitu fulani kinahitajika: mnunuzi mwenyewe, muuzaji, mkopeshaji, au jamaa na majirani?

Desturi iliyotoka ng'ambo

Wazo la kuacha kununua kwa hiari lilipata sura ya kampeni katika nchi zenye maduka yaliyojaa. Siku ya Kutonunua Chochote ilianzishwa mwaka 1992 katika mji wa Vancouver, Kanada. Baadaye ikahamishiwa, kwa nchi za Amerika Kaskazini, hadi Ijumaa inayofuata sikukuu ya Shukrani ya Wamarekani, siku ambayo maduka ya huko hupunguza bei na watu kupanga foleni tangu alfajiri. Siku moja ikazaa miezi, na miezi ikazaa mwaka.

Kanuni za wanaofuata desturi hiyo ni chache. Chakula, kodi ya nyumba, dawa na nauli vinaruhusiwa. Nguo mpya, mapambo, vifaa vya umeme na urembo huachwa. Kilichokwisha au kuharibika kabisa hubadilishwa, kinachotengenezeka hutengenezwa. Lengo si kuweka akiba tu. Mtu anatakiwa ajitazame: anapotaka kununua, je, anakosa kitu, au ana uchovu, huzuni, au wivu wa alichokiona kwa mwenzake?

Kenya: Pale muda wa kufikiri ulipofutika

Nchini Kenya swali hilo lina uzito wa pekee kwa sababu ya simu ya mkononi. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 ilikuwa njia ya kutuma pesa nyumbani. Mwaka 2012 ikaja M-Shwari, iliyomwezesha mteja kuweka akiba na kukopa bila kukanyaga benki. Mwaka 2019 ikafuata Fuliza, inayokamilisha malipo hata pale salio lisipotosha. Deni hilo hutozwa ada, na pesa ya kwanza itakayoingia katika simu hukatwa kabla mwenyewe hajaigusa.

Faida za mpango huo hazikanushiki. Mama aliyefikwa na ugonjwa wa mtoto usiku wa manane halazimiki tena kugonga milango ya majirani. Lakini mlango uleule unaomwingiza daktari humwingiza pia muuzaji wa viatu. Zamani mtu aliyetamani kitu bila kuwa na pesa alilazimika kurudi nyumbani, na njiani tamaa ikapoa. Leo safari hiyo haipo. Kati ya kutamani na kupata kuna namba ya siri tu.

Bunge la Kenya lilipitisha sheria mwaka 2021 iliyowaweka wakopeshaji wa kidijitali chini ya Benki Kuu, na kanuni zake zikaanza kutumika mwaka 2022. Hatua hiyo ilifuatia malalamiko kuhusu riba na kuhusu wakopeshaji waliowapigia simu jamaa na marafiki wa mdaiwa ili kumwaibisha. Sheria inaweza kumdhibiti mkopeshaji. Haiwezi kumrudishia mnunuzi ule muda wa kufikiri. Hapo ndipo ahadi ya Januari inapopata maana. Anayejiwekea sharti la kungoja siku 30 kabla ya kununua anajirudishia kwa hiari ile safari ya kurudi nyumbani.

Ahadi hiyo, hata hivyo, ina mpaka. Kwa anayekopa ili anunue unga au alipe karo, hakuna cha kuacha. Kumshauri ajinyime ni kumlaumu kwa kosa la bei na la mshahara mdogo. Tatizo lake haliko katika matumizi, liko katika kipato.

Tanzania: Kumbukumbu ya maduka matupu

Ukivuka mpaka kuingia Tanzania, wazee wana kumbukumbu ya namna nyingine ya kutonunua. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, vita vya Kagera na kupanda kwa bei ya mafuta, fedha za kigeni zilikauka. Sukari, sabuni, mafuta ya kupikia na khanga zikawa bidhaa adimu. Watu walipanga foleni kwenye maduka ya ushirika na ya kampuni za biashara za mikoa, na kilichokosekana humo kilipatikana kwa walanguzi kwa bei ya kuruka.

Mwaka 1983 serikali iliendesha msako dhidi ya wahujumu uchumi, ukiongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine. Wapo walioamua kutupa mali zao usiku kwa hofu ya kukutwa nazo. Mwaka uliofuata milango ikaanza kufunguliwa: wenye fedha zao za kigeni waliruhusiwa kuagiza bidhaa, na mitumba ikaenea nchini.

Je, miaka ile iliwafundisha watu kuishi na vichache? Iliwafundisha ustadi: kushona upya, kutengeneza, kubadilishana. Lakini haikuua tamaa. Bidhaa ziliporudi zilipokewa kwa shangwe, na mwenye redio mpya alionekana kuwa ameendelea. Anayenyimwa hufikiria kile alichonyimwa mchana na usiku. Anayejinyima hutafuta kuacha kukifikiria. Lugha ya Kiswahili imevitenganisha vitendo hivyo viwili kwa viambishi vidogo tu, nayo historia ya Tanzania inaonyesha ukubwa wa pengo lililopo kati yake.

Baadaye nchi hiyo iliona jaribio la aina ya tatu, la dola kujinyima yenyewe. Rais John Magufuli alipoingia madarakani mwaka 2015 alifuta sherehe za Uhuru za mwaka huo, akaamuru fedha zake zipanue barabara ya Mwenge hadi Morocco jijini Dar es Salaam, na akazuia safari za nje za maofisa. Maneno "kubana matumizi" yakawa wimbo wa taifa zima, na Wakenya wakayafanyia utani mitandaoni wakijiuliza Magufuli angefanya nini. Wengi walifurahi kuona wakubwa wakibanwa. Lakini wenye kumbi za mikutano na wapishi wa hafla za serikali nao walikosa kazi.

Riziki ya anayeuza

Hilo ndilo pingamizi zito zaidi dhidi ya wito wa kuacha kununua. Katika soko la Gikomba jijini Nairobi, au Owino jijini Kampala, shati ambalo mtu mmoja ameamua kutolinunua ni chakula cha jioni cha mtu mwingine. Wachuuzi, wapiga pasi, wabeba mizigo na mafundi cherehani wanaishi kwa shati hilo.

Serikali za ukanda huu zimewahi kulionja jambo hilo. Mwaka 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikusudia kuondoa mitumba hatua kwa hatua ili viwanda vya nguo vifufuke. Rwanda ilipandisha ushuru kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani walilalamika kwa serikali yao. Kenya, Uganda na Tanzania zikarudi nyuma, Rwanda ikashikilia msimamo. Mwaka 2018 Marekani ikaisimamishia Rwanda nafuu ya kuingiza mavazi bila ushuru chini ya mpango wa AGOA. Kumbe hata kukataa kununua kunaweza kuwa na gharama.

Lakini balo la mitumba lina upande mwingine. Nguo zinazofunguliwa Gikomba ni masalio ya kabati za Ulaya, Marekani na China, zilizonunuliwa kwa wingi na kuvaliwa kidogo. Wanunuzi wa huko wakijizuia kwa dhati, mabalo yatapungua, na huenda nguo zitakazofika zikawa zimechakaa zaidi. Kwa hiyo mjadala unaoonekana kuwa wa kigeni unamgusa mchuuzi wa Nairobi hata kama hajausikia. Wanaoweza kunufaika ni mafundi: mshona viatu, fundi simu, fundi cherehani. Pesa isiyonunua kipya inaweza kutengeneza cha zamani.

Kisicho cha lazima ni kipi?

Ugumu mkubwa zaidi hauko dukani. Katika miji ya Afrika Mashariki, mtu anaweza kuacha kununua viatu kwa mwaka mzima bila kuulizwa. Hawezi kwa urahisi kukataa mchango wa harusi, sare ya kitenge iliyochaguliwa na kamati, au rambirambi ya msiba. Kwa kanuni zilizotungwa Vancouver, mambo hayo yangeweza kuhesabiwa kuwa ya ziada. Kwa msikilizaji wa Kigali, Bujumbura au Mwanza, ndiyo yanayomfanya mtu awe mtu kati ya watu, na asiyechangia leo atazikwa na wachache kesho.

Hata hapo, lakini, panahitajika kupembua. Kumsaidia bwana harusi aanze maisha ni jambo moja. Kumkodishia ukumbi unaoshinda wa jirani ni jambo jingine. Kumzika marehemu kwa heshima ni wajibu. Fulana zilizochapwa picha yake zimeongezwa juu ya wajibu huo. Kinacholemea familia nyingi ni mashindano yaliyojificha ndani ya msaada. Na shindano haliwezi kusimamishwa na mtu mmoja: anayejitoa peke yake huitwa bahili. Kamati nzima ikikubaliana kwamba kila mmoja avae nguo aliyonayo, hakuna anayeaibika.

Vyama vya akiba vya kina mama, chama kwa Kenya na vikoba kwa Tanzania, vina uzoefu huo tayari. Mwanachama huweza kujinyima kitenge kipya kwa sababu wenzake wamejinyima pia, na kwa sababu anajua zamu yake ya kupokea itakuja. Kampeni ya ng'ambo humwacha mtu peke yake na nia yake. Chama humpa mashahidi.

Mwisho wa Januari mishahara huingia. Kwa wenye deni la simu, sehemu yake hukatwa kabla ya kuonekana. Waliotimiza ahadi ya mwezi mmoja watakuta kiasi kidogo kimebaki, na matangazo ya punguzo la bei yakiwasubiri.