Eti "bibi anasikia akitaka"!

Wadau, samahani kwa ukimya. Nimerudi hosteli jana usiku, vumbi la Maneromango bado liko kwenye viatu, na nina hasira. Kwa hiyo leo hakuna habari za bumu wala za nani kadisko. Leo nawasema ndugu zangu, na mimi mwenyewe nimo.

Ijumaa nilikwenda nyumbani Kibaha, Jumamosi alfajiri nikapitia Mlandizi kwenda Kisarawe kwa bibi. Bibi ana masikio mazito, mwaka wa nne au wa tano sasa. Shikamoo bibi. "Marahaba mume wangu, mbona umekonda, huko chuo hawakulishi?" Tukapiga stori uani saa nzima, mimi na yeye tu, karibu kila neno analipata. Mjomba akanivuta pembeni huku anacheka: "Umeona? Huyu anasikia akitaka."

Ndipo nikaambiwa kwamba shamba la chini, lile la mikorosho, linauzwa. Bibi kakubali. Lini? Mwezi wa saba, usiku baada ya kula, watu tisa sebuleni, redio inaimba, watoto wanagombana. Akaulizwa, akaitikia "haya, sawa". Mashahidi wapo.

Nikamrudia bibi nikamuuliza taratibu. Akabaki ananikodolea macho. Yeye alijua wanaongelea kupulizia dawa mikorosho! "Tuuze", "tupulize". Na mwezi wa saba mwenye mikorosho anawaza dawa, anawaza nini kingine?

Sasa sikilizeni. Sikio peke yake halielewi maneno. Kazi yake ni kupokea mtikisiko wa hewa, na ndani kabisa, kwenye koklea, kuna seli zenye vinywele, kama 15,000 hivi kila sikio, zinazougeuza kuwa ujumbe wa umeme kwenye mshipa wa fahamu. Kuelewa kunafanyika kwenye ubongo. Seli zile kwa binadamu zikifa hazioti tena, na uzeeni huanza kufa zile za sauti nyembamba. Huko ndiko zinakokaa s, f, sh, t, k. Irabu zinabaki. Jaribuni wenyewe: chukueni "kaka kapata paka", futeni konsonanti zote. Mnabaki na a-a, a-a-a, a-a. Kitu kama hicho ndicho ubongo wa bibi unapewa, halafu unaambiwa jaza mwenyewe.

Na unajaza kweli. Unatumia kumbukumbu, mada, msimu, hata midomo ya anayeongea. Mwaka 1976 McGurk na MacDonald waliwaonyesha watu wenye masikio mazima picha ya mdomo unaosema "ga" huku sauti inasema "ba", wengi wakasikia "da". Macho nayo yanasikia! Ndiyo maana uani asubuhi, uso kwa uso, bibi anakuelewa. Usiku kwenye mwanga hafifu, watu tisa na redio, hakuelewi. Hapo kutaka kumeingiaje?

Tena kazi hiyo inachosha. Nguvu ya kubahatisha maneno ndiyo hiyo hiyo ingetumika kuyafikiria na kuyakumbuka. Mtu akishabahatisha jioni nzima, mwisho anaitikia tu ili yaishe. Nyie si mnafanya hivyo hivyo kipindi cha saa kumi jioni? Tofauti ni kwamba nyie mna desa.

Na hii ya kupayuka, jamani! Ukipayuka unakuza ile a ambayo alikuwa anaisikia tayari, k inabaki pale pale. Halafu masikio ya namna hii sauti ikizidi kidogo tu inakera, hata inaumiza. Ndiyo maana bibi anakwambia hasikii, ukirudia anakwambia "mbona unanifokea". Tunaita kisirani.

Mimi je? Kuna kifaa cha kusikia alipatiwa mwaka jana, akavaa siku mbili akakitupia sandukuni, nikawa wa kwanza kusema bibi mbishi. Kumbe ubongo uliozoea ukimya unataka wiki, hata miezi, kuzoea kelele upya. Hata wanaopandikizwa vifaa vya usikivu Muhimbili, huduma iliyoanza 2017, hawatoki chumba cha upasuaji wanaelewa maneno. Wanafundishwa kusikia. Mimi nilimpa bibi siku mbili.

Sisemi mjomba ni mwizi. Pengine hela inahitajika kweli, na shamba si langu. Ila "haya, sawa" ya mtu aliyesikia nusu ya irabu siyo ridhaa, hata mashahidi wawe tisini. Na mashahidi wenyewe wote wanajua kwamba bibi hasikii, ila usiku ule walisahau kwa sababu jibu liliwafaa.

Mnunuzi anakuja Jumapili ijayo. Mimi natangulia Jumamosi. Asubuhi, redio imezimwa, nitakaa mbele yake penye mwanga, nitamwambia kuuza, nani ananunua, kwa bei gani, halafu nitamwomba anirudishie yeye mwenyewe nilichosema. Akisema liuzwe, liuzwe.

Asaimenti ya Jumatatu sijaigusa. Mwenye kujitolea aipitishe chini ya mlango, chumba mnakijua.