DAWA YA NYWELE SI MAJI

Likizo moja nilichukua pesa za vitabu nikaenda kuwekwa dawa ya kulainisha nywele. Zilikuwa kavu, zikikatika kama nyasi za kiangazi. Siku tatu ziling'aa kweli! Wiki ya pili kichwa kilijaa vidonda, na shule ilipofunguliwa nikanyolewa.

Kwa maoni yangu, wengi wetu twatibu ukavu kwa kitu kinachouzidisha. Nywele zetu zimejikunja, kwa hivyo mafuta ya ngozi hayafiki nchani. Kisha twaziosha kwa sabuni ya kufulia na maji ya kisima yenye chumvi. Zitaacha kukauka kweli? Dawa nayo ni kali, huvunja nguvu ya unywele wenyewe.

Najua mtaniuliza, "Maji matamu tutayatoa wapi hapa Zombe, na punda huyafuata mbali?" Simwambii mtu amalize mtungi. Osha mara moja kwa wiki, na mwisho suuza kwa kikombe cha maji ya mvua. Paka mafuta kidogo nywele zikiwa bado na unyevu, kwani mafuta hayaleti maji, huyafungia tu yasitoke. Chana pole pole kuanzia nchani, na ujifunge leso uendapo juani.

Pesa zile mama alizipata kwa kuuza mbuzi. Nywele zangu zimeota tena, lakini mbuzi hakurudi. Haya dada zangu, mwenye masikio na asikie.