Daraja Lililogharimu Bonde

Kuuzunguka mto Elbe kwa baiskeli mjini Dresden, Ujerumani, hakuhitaji misuli ya mwanariadha. Njia ni tambarare kwenye kingo zote mbili, ikipita kando ya nyanda za majani zilizohifadhiwa kisheria. Msafiri huvuka katika daraja la chuma la Loschwitz, la mwaka 1893, ambalo wanajeshi wa Hitler walikusudia kulilipua mwaka 1945; wananchi wakazikata nyaya za baruti.

Lakini njiani limesimama daraja la Waldschlösschen, lililofunguliwa mwaka 2013. Wakazi walilikubali kwa kura mwaka 2005, na hiyo ni haki yao. Hata hivyo UNESCO, iliyoliingiza bonde hilo katika Urithi wa Dunia mwaka 2004, ililiondoa mwaka 2009 kwa sababu ya daraja hilo. Wapinzani walipendekeza handaki chini ya mto. Kwa nini wakuu wa mji hawakulikubali? Magari yangepita, na bonde lingebaki na heshima yake. Ajabu ni kwamba popo mdogo alisikilizwa zaidi: mwaka 2007 mahakama ilisimamisha ujenzi kwa ajili yake, na daraja lilipofunguliwa, magari yaliwekewa kikomo cha kilomita 30 kwa saa usiku.