Ijumaa ya Myahudi na Usomaji Wetu wa Shylock

Wahenga walinena kuwa usilolijua ni usiku wa giza. Mintarafu Wayahudi, giza letu sisi wanafunzi wa Kiswahili ni la namna yake, kwa kuwa twadhani tunaona. Myahudi tunayekutana naye madarasani ni wa aina mbili tu: yule wa Biblia, na Shylock, mkopeshaji wa Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Julius Nyerere iliyochapishwa mwaka wa 1969. Wa kwanza alikufa zamani. Wa pili hakuwahi kuishi. Ilhali karibu na bewa kuu la Chuo Kikuu cha Nairobi, penye makutano ya University Way na Uhuru Highway, lipo sinagogi ambalo maelfu ya wanafunzi hulipita kila siku bila kugeuza shingo.

Hoja yangu ni nyepesi kuisema: mhakiki asiyejua jinsi siku ya kawaida ya Myahudi mshika dini inavyokwenda, sokoni, jikoni na kwa jirani, hawezi kumhukumu Shylock kwa haki, sembuse kumfasiri.

Tuchukue Ijumaa moja ya mwezi wa Desemba katika mtaa wa Golders Green, kaskazini-magharibi mwa London, mahali ambapo Wayahudi washika dini wameishi kwa vizazi kadhaa. Kungali giza wakati baba wa nyumba anapotoka kwenda sinagogi. Huko atajifunga mkononi na kichwani visanduku vidogo vya ngozi vyenye maandiko ya Torati, lakini sala ya jamaa haitimii mpaka wapatikane wanaume kumi waliopita umri wa miaka 13. Wakiwa tisa, hata wawe mabingwa wa Talmudi, hawatoshi. Akiingia wa kumi, hata awe mchuuzi anayesoma kwa kukwamakwama, mambo yamekamilika. Kati yao huenda yupo aliyefiwa na babaye, naye anawahitaji hao tisa kila siku kwa miezi 11 ili aweze kumwombea marehemu kwa sala ya Kadishi. Hapo ndipo ujirani unapokuwa faradhi. Mtu hawezi kuwa Myahudi wa namna hii peke yake shambani mwake.

Kisha pilkapilka zinaanza. Nyama inanunuliwa kwa mchinjaji aliyeidhinishwa, ambaye nyama yake imekwisha kulowekwa majini na kutiwa chumvi ili damu itoke. Mikate miwili iliyosukwa kama nywele inachukuliwa kwa mwokaji. Vikombe vipya vya kioo vilivyonunuliwa juzi vinapelekwa kuchovywa katika birika la tohara kabla ya kunywewa. Koti jipya la sufu linapelekwa kwa mkaguzi, maana Torati inakataza kuvaa sufu na kitani vilivyochanganywa. Mama mmoja mtaani amejifungua, kwa hiyo majirani wamegawana zamu za kumpikia, na zamu ya leo ni ya nyumba hii. Mboga za majani zinachambuliwa jani kwa jani, asije mdudu akaingia chunguni. Haya yote yana mpaka usiosogezwa hata kwa dakika: jua la London mwezi huo hutua kabla ya saa kumi alasiri, nayo mishumaa ya Sabato, kwa desturi ya wengi, huwashwa dakika 18 kabla ya hapo. Baada ya hapo hakuna kupika, kuandika, kushika fedha, kupiga simu wala kuendesha gari hadi nyota tatu zionekane Jumamosi usiku. Chakula cha moto cha kesho ni lazima kiwe kimekwisha iva na kuachwa juu ya joto hafifu.

Hata kubeba kitu barabarani siku ya Sabato ni mwiko, isipokuwa ndani ya eneo lililozungushiwa mpaka maalumu wa nguzo na nyaya uitwao eruvu. Mpaka wa namna hiyo ulianza kutumika sehemu hiyo ya London mwaka wa 2003, baada ya mabishano ya zaidi ya miaka kumi. Kabla yake, mama mwenye mtoto asiyejua kutembea alibaki nyumbani Sabato nzima, kwa kuwa kumbeba mtoto au kusukuma kigari chake kulikatazwa. Kila juma mpaka unakaguliwa; waya ukikatika, jumuiya inatangaziwa. Nakiri kwamba sijui riwaya yoyote ya Kiswahili ambamo waya mmoja una uzito kama huo.

Sasa tuangalie lugha yetu ina nini cha kusema juu ya siku kama hii. Tunacho zaidi ya tunavyodhani. Siku ya Myahudi huanza jua linapotua, jambo ambalo mfasiri anayefikiri kwa Kiingereza huliona la ajabu. Lakini mzee wa Lamu au Mombasa akitaja "usiku wa Ijumaa" aghalabu amekusudia usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa. Kwake yeye, Sabato huingia usiku wa Jumamosi, na hapana haja ya maelezo. Vivyo hivyo saa. Sheria ya Wayahudi hugawa mchana, tangu macheo hadi machweo, katika saa 12. Tamko la imani la asubuhi liitwalo Shema linapaswa kusomwa kabla saa ya tatu haijaisha, na saa sita ni adhuhuri. Mwingereza atahitaji jedwali. Mswahili anatazama saa yake tu! Katika London ya Desemba saa moja ya namna hiyo haifiki hata dakika 40, na wakati wa kiangazi hupita dakika 80. Nairobi, kwa kuwa tuko jirani na ikweta, inakaribia dakika 60 mwaka mzima.

Hata hivyo, utajiri huu una mtego. Kwa sababu msamiati wetu wa ibada umetokana kwa wingi na Uislamu, tunashawishika kuandika "halali" kila tunapokutana na chakula cha Kiyahudi. Sikubaliani na uamuzi huo. Nyama ya ngamia inayoliwa Eastleigh ni halali bila shaka, lakini kwa Myahudi ni haramu. Divai iliyo haramu kwa Mwislamu ndiyo inayobarikiwa mezani pa Myahudi kila usiku wa Sabato. Tena Myahudi hachanganyi nyama na maziwa. Ana vyombo vya aina mbili, na akila nyama husubiri, wengine saa tatu na wengine sita, kabla ya kugusa maziwa. Tuseme kosheri, tuisanifishe, nayo itazoeleka jinsi televisheni na intaneti zilivyozoeleka.

Yupo atakayeuliza haya yanamhusu nini msomi wa Kenya. Kwanza, si mambo ya mbali. Huko Mbale, Uganda, wako Abayudaya, jumuiya iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka wa 1919 na iliyodumu hata baada ya dini yao kupigwa marufuku wakati wa Idi Amin. Nao wenzetu Waadventista Wasabato katika mabweni yetu wanafahamu vyema nini maana ya kukimbizana na jua la Ijumaa. Pili, na hili ndilo linaloniwasha, tunafundisha fasihi.

Katika Ijumaa ile niliyoieleza ipo shughuli moja ambayo sijaitaja. Kabla ya jua kutua, binti wa nyumba anarudisha viti alivyoazima kwenye gemachi, yaani hazina ya kukopeshana bila malipo. Gemachi moja inaazima nguo za arusi, nyingine viti au vyombo vya watoto wachanga, nyingine inakopesha fedha taslimu, bila hata senti moja ya riba. Torati inamkataza Myahudi kumtoza riba Myahudi mwenziwe, ingawa inaruhusu kumtoza mgeni. Ruhusa hiyo ndiyo Ulaya iliyoikuza ikawa sura nzima ya Myahudi, baada ya kumfungia milango ya kazi nyingine nyingi. Venisi yenyewe iliwatenga Wayahudi katika mtaa wao, geto, mwaka wa 1516, na milango yake ikawa inafungwa usiku. Nyerere, kwa kuchagua neno "mabepari" tena katika wingi, aliwatia wafanyabiashara wote wa tamthilia hiyo katika kapu moja, Wakristo kwa Myahudi, na kwa maoni yangu alimwona Shylock vizuri kuliko wengi wanaoifundisha kazi yake.

Hebu tumrejee Shylock mezani. Katika tendo la kwanza anaalikwa chakula na anakataa, akitaja nguruwe. Nimesikia mara nyingi kukataa huko kukielezwa kuwa ni kiburi na chuki. Chuki ipo, sibishi, na mwenyewe haifichi. Lakini mtu ambaye kila sufuria ya nyumbani kwake ina sheria yake hana haja ya chuki ili asile kwa jirani wa dini nyingine. Angekataa hata kama anampenda. Linalotatiza kwa kweli liko katika tendo la pili, pale Shylock huyo huyo anapotoka kwenda karamuni kwao, akimwachia bintiye funguo. Sijapata kusikia darasa likiuliza alikwenda kula nini.