Hina Isiwe Jina Tu

Hapana mtu wa mwambao asiyeijua hina. Bi harusi hupakwa mikononi na miguuni, wazee huitia ndevuni, na mama zetu kwa vizazi vingi wameitumia kufunika mvi na kuzipa nywele mng'aro. Kila tuzungumzapo utamaduni wa taifa, hina huwekwa mbele pamoja na kanga, wanja na asumini. Lakini katika pakiti nyingi ziuzwazo kwa jina la "hina nyeusi" hina haimo, au imo kidogo tu, imechanganywa na kemikali ya viwandani. Jina limebaki, kitu chenyewe kimeondolewa. Makala haya yanadai kwamba huo ni wizi, na kwamba sisi tujiitao watetezi wa utamaduni tumeunyamazia kwa sababu tumezoea kulinda majina kuliko maarifa.

Tuanze na jani lenyewe. Majani ya mhina huchumwa, huanikwa, hutwangwa, na unga wake huchekechwa mpaka uwe laini. Kisha hukandwa kwa maji ya uvuguvugu na ndimu, ukaachwa kwa saa kadhaa ili rangi itoke katika jani. Rangi hiyo, ambayo wanakemia huiita lausoni, hushikamana na protini ya unywele. Haiuondolei unywele weusi wake wa asili. Kwa hiyo mvi hugeuka rangi ya machungwa au nyekundu, na nywele nyeusi hubaki nyeusi, ila juani huonyesha wekundu kidogo. Atakaye weusi hana budi kufuatisha unga wa majani ya mnili baada ya hina kuoshwa. Ni kazi ya nusu siku.

Maarifa haya mafupi yangetosha kumlinda mnunuzi. Jani la hina halitoi weusi. Ukiambiwa kwamba unga fulani ni hina tupu, nao unatia weusi wa makaa kwa nusu saa, basi unadanganywa. Aghalabu weusi huo ni wa parafenilenidiamini, dawa ya viwandani ambayo asili yake ni lami ya makaa ya mawe, wala si shamba. Ndiyo hiyo hiyo ambayo mara nyingi huchanganywa katika piko la kuchorea ngozi. Katika nchi za Umoja wa Ulaya dawa hii huruhusiwa katika rangi za nywele kwa kipimo kisichozidi asilimia 2 inapopakwa kichwani, nayo hairuhusiwi kuchorea ngozi. Huko kwenye viwanda vinavyoitengeneza hupimwa kwa tahadhari. Kwetu hupimwa kwa kijiko cha chai.

Madhara yake si hadithi. Huweza kuvimbisha uso na kichwa, kutoa malengelenge, na kuacha makovu. Mwili ukishaikataa mara moja, huikataa maisha yote, hata ikiguswa kidogo. Ikimezwa, huvimbisha koo hadi pumzi ikazibika, na huharibu figo. Madaktari wa Sudan, nchi yenye mapenzi makubwa ya hina, wameandika kwa miaka mingi juu ya wagonjwa waliofikishwa hospitalini kwa sumu hii, na wengine kufa.

Wako watakaosema: hina ni ya Waarabu na Wahindi, tuiache ipotee. Hoja hii ni ya kitoto. Neno lenyewe "utamaduni" lina asili ya Kiarabu, kama kitabu na kalamu. Je, nayo tuyatupe? Kitu huwa cha watu kwa kukilima, kukitumia na kukirithisha. Mhina umeota katika nyua za mwambao, na mikono iliyoutwanga ni ya bibi zetu.

Wako pia watakaosema kwamba mwanamke wa leo hana nusu siku ya kukaa na tope kichwani. Kweli, wengi hawana. Mwenye haraka na achague rangi ya dukani, akijua ni nini na hatari yake ni ipi. Hiyo ni haki yake. Tunachokataa ni kuuziwa haraka kwa jina la subira ya bibi yake. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi kibaya kimejifunza kujitembeza kwa jina la chema.

Wala mtetezi wa jani asigeuke mlaghai wa upande wa pili, akadai kwamba kila kitokacho mtini ni salama. Kizuri hakikosi ila. Watu wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ya kurithiwa isiyo adimu katika nchi zenye malaria, huweza kupasukiwa na chembe nyekundu za damu kwa hina halisi. Na watoto wachanga ndio walio hatarini zaidi. Kichanga asipakwe. Mila inayojua mipaka yake haipungukiwi heshima.

Basi tufanye nini? Tusirudie kosa la zamani. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, uliyopiga marufuku sketi fupi, mawigi na dawa za kuchubua ngozi. Nia ilikuwa kulinda heshima ya Mwafrika, lakini waliosumbuliwa barabarani walikuwa wasichana wa mjini. Safari hii mkono wa dola uelekee kwa mwenye ghala. Shirika la Viwango Tanzania, ambalo mwaka 2019 lilikabidhiwa usimamizi wa vipodozi, liamuru kwamba jina la hina liandikwe juu ya jani tupu la mhina, na kwamba kila pakiti itaje kwa Kiswahili vyote vilivyomo. Maofisa utamaduni nao wasiishie kupanga maonyesho ya mikono iliyochorwa. Waandike maarifa ya wapakaji wazee: kipimo cha ndimu, muda wa kuumuka, namna ya kutambua unga ulioghushiwa. Shule zenye bustani zipande mhina na mnili, na somo la sayansi lianzie hapo.

Wizara ya utamaduni iliundwa nchini mwaka 1962 ili Mwafrika arudishiwe fahari ya vitu vyake. Fahari hiyo haiwezi kukaa juu ya kichwa kilichovimba. Mwacha asili ni mtumwa. Na aliyebakiwa na jina la asili, huku mwingine akimjazia sumu ndani yake, utumwa wake ni mbaya zaidi, kwa maana hajui kwamba ameiacha.